Mkwe Wangu Hana Masharubu

Maji ninayoyaamini mimi ni ya ndoo. Ya ndoo unayaona mwanzo na mwisho wake, unayachota, unayamwaga, mambo yamekwisha. Bahari sikuwahi kugombana nayo, lakini sikuwahi kuitafuta pia, na kama si mama mkwe wangu ningezeeka salama salimini nyuma ya cherehani yangu bila kujua ladha ya mrija wa plastiki mdomoni.

Mimi ni fundi wa kushona. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, katikati ya duka la vipuri vya baiskeli na saluni ya kike, na tunakaa juu yake, unapanda ngazi za nje. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Akirudi leo, keshokutwa kaondoka. Kwa hiyo ukiniuliza nimeolewa na nani, kwa hesabu ya nani ninayemwona kila siku, jibu ni mama yake.

Mama huyu zamani alikuwa mpokea simu, enzi zile ambazo simu lazima ipite mkononi mwa mtu. Alikaa mbele ya ubao wa nyaya ujana wake wote akiwaunganisha watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Masikio yake mpaka leo ni balaa. Mtu akinong'ona chini dukani, yeye juu anacheka. Na mdomo nao upo. Atashuka ngazi polepole, atashika gauni la mteja, ataligeuza ndani nje, kisha atasema pindo limekwenda kombo. Ubaya wake ni kwamba huwa ni kweli. Nilikuwa nalifumua huku nasonya kimoyomoyo, naye akiniambia kwamba hata msonyo wa moyoni anausikia.

Tuligombana kwa chumvi, kwa redio, kwa mkasi uliohamishwa, kwa dirisha lililofungwa na dirisha lililofunguliwa. Hatukuwahi kutukanana, hilo niliseme. Tulikuwa kama sufuria mbili kabati moja, ukifungua mlango tu zinagongana.

Basi wifi yangu mkubwa akapiga simu. Amehamia nyumba ya nafasi, kuna chumba cha ziada chenye dirisha linalotazama bustani, na Jumapili angekuja na gari kumchukua mama yake akakae kwake moja kwa moja, kama mwenyewe ataridhia. Mama alisema atafikiri. Mimi sikuwa na la kufikiri. Nilifurahi, na sitaficha. Jioni ile ile aliposhuka kwenda kwa jirani, niliingia chumbani kwake na futi yangu shingoni, nikapima ukuta mpaka ukuta kuona kama meza ya kukatia vitambaa itaingia. Iliingia vizuri sana.

Sasa hiyo safari. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye kampuni ya kutembeza wageni baharini kwa kayaki, vile vyombo vyembamba vya plastiki mnavyopiga kasia mmekaa. Nilimshonea fulana za wageni wake, mikono mirefu, rangi ya chungwa inayoumiza macho, zenye kofia ya kuvuta mpaka kwenye paji la uso ili jua lisiwachome. Alizipenda, akanipa nafasi za watu wawili niende nikatembee bure. Nilitaka kuwapa wale mabinti wa saluni. Nilikuwa bado nawaambia, kwa sauti ya chini kabisa, nikasikia kutoka juu ya ngazi kwamba kuna mtu hajawahi kuona samaki ambaye hayuko kwenye sahani.

Nilimwambia Mama umri wake hauruhusu. Akaniambia yeye anakwenda kutazama, si kuposwa. Nikafikiri, potelea mbali, iwe ndiyo safari ya kuagana, wifi asije akasema miaka yote sijampeleka mama yao hata getini. Nikakubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Jumamosi asubuhi tulifika kwenye banda la mabati kando ya maji. Kayaki zimelazwa ukutani kwenye vyuma, miwani ya kuzamia inaning'inia misumarini kwa mikanda yake, na mlangoni kuna pipa la maji baridi yenye dawa la kuisuuzia kila ikirudi. Aliyetuongoza walimwita Kasia, mwanamume mtulivu mwenye mabega mapana na maneno mengi. Alitufundisha kutema mate ndani ya kioo, kusugua kwa kidole, kisha kusuuza, ili miwani isipate ukungu. Mimi nilifikiria mate ya watu wangapi yamepita mle, nikajisikia vibaya. Mama alitema kama aliyezaliwa akitema, akasugua, akaniuliza nasubiri nini.

Kisha Kasia akatupanga, tukiwa tumevaa fulana zangu na majaketi ya kuokolea juu yake. Wageni tulikuwa wanane. Akasema kule kwenye matumbawe tutavua majaketi, tutalala kifudifudi juu ya maji na mirija yetu, na hapo watu wote hufanana. Kwa hiyo yeye ndani ya maji hahesabu sura, anahesabu migongo. Mgongo wa chungwa ni wake, rangi nyingine si wake. Nilivimba kichwa. Nilimwambia Mama kwa sauti, ili na wengine wasikie, kwamba kitambaa hicho nilikichagua mwenyewe.

Kayaki yetu ilikuwa ya watu wawili. Wa mbele anashika mwendo, wa nyuma anashika njia. Mama akakaa mbele, akashika na njia pia. Kila nikivuta kulia anasema kushoto, na tulizunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi huku wenzetu wakitutazama kwa huruma. Kasia alitusogelea, akasema kwa upole kwamba kayaki za namna hii zimevunja uchumba mwingi. Mama akamjibu kwamba sisi hatuna uchumba wa kuvunja, tumerithiana tu. Watu wakacheka, hata mimi, na baada ya hapo chombo kikanyooka.

Tulifika kwenye fungu la mchanga lililoibuka katikati ya maji, jeupe, limegawanywa na ukingo wa miamba mirefu yenye ncha kama misumari. Tukavuta kayaki mchangani, tukavua majaketi, tukavaa viatu vya mapezi, tukaingia. Mimi nilikwenda nimeng'ang'ania boya la Kasia kwa mikono yote miwili. Lakini nilipoinamisha uso, niseme ukweli, nilisahau kuogopa. Samaki walikuwa wa mistari, wa madoa, wa rangi ambazo ukimpelekea mteja atasema umezidisha. Walipita karibu na vidole vyangu bila kunijali. Nilinyanyua kichwa kumwita Mama aone, nikamkuta yuko mbali kidogo anakwenda zake, mapezi yanapiga taratibu, mrija umesimama. Nikamwacha. Nikarudisha uso majini.

Haukupita muda Kasia akapuliza filimbi. Mkondo ulikuwa umeanza kugeuka, wote tutoke. Alisimama kwenye maji ya kifua akahesabu migongo inayokuja, kwa sauti, akigusa kila mmoja begani. Wanane. Akatikisa kichwa ameridhika, tukatoka mchangani tukijikokota na yale mapezi kama mabata.

Nilimwona Mama mbele yangu, mdogo, mwembamba, kofia imevutwa mpaka kwenye miwani, anahangaika na mkanda kisogoni. Nikamwendea kwa nyuma, nikaushika ule mkanda, nikaanza kumsema. Nilimwambia nilimkataza kwenda mbali, nilimwambia hajui kusikia, nilimwambia kesho wifi akimkuta na mafua lawama zote zitakuwa zangu. Nikamvua miwani. Akageuka.

Alikuwa na masharubu.

"Samahani, dada," alisema yule bwana kwa adabu kubwa, "nafikiri mimi si wako."

Nilimtazama nikitegemea labda ni mchezo. Nikawatazama wengine, mmoja mmoja, wanavua miwani wanafikicha macho. Hakuna Mama. Nikamwita Kasia, naye akaja anatabasamu, akamwona yule bwana, na tabasamu likamtoka usoni lote. Alitupa kasia chini, akakimbilia majini anapuliza filimbi.

Nimesikia watu wakisema roho iliruka, mimi yangu haikuruka, ilikaa palepale ikawa nzito. Nilianza kuita. Mama! Akina mama wawili waliokuwa nasi wakageuka, nikaona haitoshi, nikaita Mama yangu, nikaita mama wa mume wangu, nikaita mpaka jina lake la utotoni ambalo sikuwa na ruhusa ya kulitaja. Maji yalikuwa yanameta tu. Kwanza niliwaza nitamwambia nini mume wangu aliyeko barabarani huko, na wifi atanifanyaje. Halafu mawazo hayo yakaondoka, wala sikuyahitaji. Nikabaki na moja tu: kwamba siku chache tu nyuma niliingia chumbani mwa mtu aliye hai nikampimia ukuta kama amekwisha kuondoka. Nilisema moyoni, Mungu wangu, nirudishie huyu bibi, aje aniambie pindo limekwenda kombo, alitupe hata gauni zima.

Yule bwana wa masharubu alikuwa amenishika mkono nisiingie majini nimevaa pezi moja. Alikuwa ananieleza jambo, kwamba aliona watu wa rangi ya chungwa wanatoka, naye akatoka nao, kwa sababu na yeye ni wa chungwa. Nilikuwa simsikilizi. Macho yangu yalikuwa yametua shingoni kwake, kwenye ukosi wa ile fulana. Kulikuwa na utepe ndani, umeshonwa mara mbili, ya pili imerudi nyuma kidogo. Hakuna fundi mwingine anayerudi nyuma hivyo. Mimi ndiye ninayerudi, kwa sababu cherehani yangu hukatika uzi pale pale.

Nikamuuliza fulana amepewa na nani. Akasema na kampuni yao, ile ya gati ya pili.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Baada ya kumaliza kazi ya Kasia na bosi wake kitambaa kilibaki, robo ya gora nzima. Akaja mama mmoja wa miwani myeusi, anataka fulana za wageni wake, mikono mirefu, zenye kofia. Wageni wa nini sikuuliza. Fundi akiona kitambaa kilichobaki na mteja aliyesimama, haulizi. Nikakata kwa kipimo kilekile, nikamshonea, nikashukuru Mungu kwamba hakuna kilichopotea. Kumbe niliwavalisha rangi moja wageni wa viongozi wawili wanaohesabu migongo kwenye bahari moja. Kosa la namna ile, duniani kote, lilikuwa linanisubiri mimi.

"Kasia," nikapiga kelele, "kuna wengine kama sisi. Nimewashona mimi. Wako wapi?"

Alisimama majini ananitazama kama mtu aliyepandwa na wazimu, mpaka yule bwana alipomwonyesha kwa kidole upande wa pili wa miamba. Kasia alishika kichwa kwa mikono yote miwili. Akasema kundi la gati ya pili hupumzika nyuma kule, na kwa miguu miamba ile haipitiki, itatuchanja vipande, lazima tuzunguke kwa maji. Akawaagiza wageni wengine wakae chini pamoja, wasitie hata kidole majini mpaka arudi. Yeye akaruka kwenye kayaki yake ndogo. Mimi nikaingia kwenye ile ya watu wawili, na pale mbele, mahali pa Mama, akakaa Masharubu.

Sijui kama mmewahi kupiga kasia na mwanamume msiyejuana, wote mna hofu. Hatukugongana hata mara moja. Alikuwa anavuta, mimi nashika njia, na katikati ya kila pumzi naita. Sauti ilishaanza kukwaruza. Nilijiambia kama hayupo kule, basi yuko chini, na hakuna mahali pa tatu. Niliogopa ncha ya ile miamba kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote, kwa sababu tukishaipita nitakuwa nimejua.

Tukaipita.

Walikuwa wamekaa mchangani kwenye turubai, watu wa chungwa, wamezunguka chupa kubwa ya chai na sahani ya matikiti. Katikati yao, kofia imeshushwa mgongoni, mvi zimelowa, kikombe mkononi, mama mkwe wangu alikuwa anasimulia. Nilimsikia kabla sijafika. Alikuwa kwenye kisa cha mzee mmoja aliyekuwa akipiga simu kila Ijumaa aunganishwe na mke wake, na mke wake yuko chumba cha pili. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mmoja aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wa Masharubu, ambaye mpaka tunafika hakuwa amegundua kwamba hana mume.

Nilishuka kabla chombo hakijagusa mchanga. Nikakaa chini ndani ya maji yanayofika kiunoni na kulia. Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyepotezwa sokoni akaokotwa. Moyo ulikuwa mwepesi kiasi kwamba nilidhani nitaelea bila jaketi. Mama aliweka kikombe chini, akaja, akanishika kwapani kuniinua, akauliza nani amenifanya nini. Nikamkumbatia. Hatujawahi kukumbatiana sisi, tulikuwa tunashikana mikono siku za sherehe. Alikuwa na baridi na chumvi na alinukia tikiti, na sikutaka kumwachia.

Viongozi wawili walikaa pembeni wakazungumza kwa sauti za chini, wote wawili wamepauka. Yule wa pili naye alikuwa amehesabu migongo yake, na hesabu yake ilikuwa imekamilika. Alikiri alinisikia nikiita, akasimama kutaka kwenda kuangalia, lakini yule bibi mgeni akamwambia asihangaike, huyo ni mkwe wake, ndivyo sauti yake ilivyo siku zote. Kasia akanitazama. Mimi nikainua mkono nikasema lawama ni ya gora langu, na kabla ya Jumatatu kwisha kila fulana ya Kasia itakuwa na mstari mweupe mpana mgongoni, bure, na uzi wangu. Mke wa Masharubu alikuwa anamgombeza mumewe kwa kutembea hovyo. Mumewe alipokea matusi yote kwa furaha, ananikonyeza.

Tukarudi kwenye kundi letu, tukavaa majaketi, safari ya kurudi ikaanza. Mama mbele, mimi nyuma. Mkondo ulikuwa unatusukuma vizuri na jua lilikuwa la kupendeza mgongoni. Nilikuwa naangalia kisogo chake tu, kila nikikiona pumzi inashuka.

"Ulikuwa unaniita," akasema bila kugeuka.

Nikamwambia ndiyo, kumbe alikuwa ananisikia.

"Tangu mara ya kwanza. Ulipoanza kuita ndipo nikawaangalia wale watu vizuri, nikaona si wetu. Kabla ya hapo nilidhani wametuunganisha."

"Sasa mbona hukuitika?"

Alipiga kasia mara kadhaa, kulia, kushoto, taratibu.

"Mimi nimekaa kwenye ubao wa simu nikisikia watu wanavyoita watu," akasema. "Anayedai, anayebembeleza, anayetimiza wajibu. Na anayemtafuta mtu wake. Hiyo ya mwisho niliiunganisha maisha yangu yote, haikuwahi kuwa yangu. Nilitaka niisikie tena kidogo."

Nilipandwa na hasira, na nikamwambia hivyo, kwamba amenitoa roho, kwamba nikifika nchi kavu nitamfungia chumbani na ufunguo nitaumeza. Akasema sawa. Kisha nikajikuta nacheka, na kucheka kule kukageuka kilio tena, na sikujali nani anasikia. Nilipoweza kuongea nikamwambia jambo ambalo asubuhi ningemcheka mtu mwingine akilisema. Nilimwambia amwambie wifi asije kesho. Nilimwambia abaki.

"Wifi yako haji," akasema. "Nilimpigia Alhamisi. Nilimwambia chumba chake ni kizuri, lakini wote wanatoka asubuhi wanarudi usiku, nitagombana na nani?"

Niliacha kupiga kasia. Kayaki ikaendelea kwenda, yeye akiivuta peke yake.